Kiti cha Dereva si Pambo

Huenda wako wasomaji watakaostaajabu kuona kwamba leo tumeyaweka kando mambo makubwa, tukashika sindano na mkasi. Watasema: nchi ina shida ngapi, nanyi mwaandika habari za viti vya malori makuukuu? Twawajibu kwamba mzigo wa nchi hii, kuanzia saruji na mahindi hadi daftari za watoto, bado huchukuliwa kwa sehemu kubwa na malori, na malori hayo huendeshwa na watu wenye migongo. Mtu anayekaa kitini saa kumi kwa siku ana haki ya kuulizwa amekalia nini.

Jumapili moja tulikaribishwa uani kwa ndugu mmoja dereva huko Temeke. Lori analoliendesha ni la tani saba, na umri wake umekwisha kupita miaka arobaini. Kwa nje lilitupendeza sana. Mbele limepakwa rangi nyekundu mpya, bodi imeandikwa maneno ya busara kwa mkono wa fundi hodari, na kioo kimezungushiwa nyuzi za rangi zinazoning'inia kama mapambo ya harusi. Mlango ulipofunguliwa tukaona mambo mengine. Springi mbili za kiti zimechomoza. Juu yake pametandikwa kipande cha ubao, na juu ya ubao gunia la mchele lililokunjwa mara nne. Kitambaa cha dari kimeachana na bati, kikabakia kikining'inia mpaka karibu na kofia ya dereva. Ubao wa mlango umekula maji ukafumuka kama mkate. Tulimwuliza ndugu yetu amekalia ubao ule tangu lini. Akacheka, akasema tangu mtoto wake wa mwisho hajaanza shule. Mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu.

Hatukucheka naye. Rangi ile ya nje ililipiwa na tajiri mwenye lori, kwa kuwa rangi huonwa na wateja. Gunia lile la mchele lilitafutwa na dereva mwenyewe, kwa kuwa mgongo wake hauonwi na mteja yeyote.

Yafaa ieleweke kwamba mtikisiko wa gari si usumbufu tu wa kuvumiliwa na mwanamume. Kwa miaka mingi wataalamu wa afya ya kazi wameuhusisha mtikisiko wa mwili mzima na maumivu ya kiuno na mgongo kwa madereva wa malori, matrekta na mabasi. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2002 lenye vipimo viwili kwa siku ya kazi ya saa 8. Mtikisiko ukizidi mita 0.5 kwa sekunde mraba, mwajiri sharti achukue hatua za kuupunguza, na kipimo cha 1.15 hakiruhusiwi kupitwa kamwe. Basi tumfikirie mwenzetu anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 800, kisha akaingia njia ya vumbi kufuata mazao vijijini, chini yake pana ubao. Ubao haupunguzi kitu. Kila shimo la barabara humfikia utosini kama lilivyo.

Wala hatusemi kwamba sponji mpya itaponya kila kitu. Zimo springi za lori lenyewe, zimo tairi, iko barabara, na uko mwendo wa dereva. Tena sponji laini mno, ile inayobonyea kwa kidole kama maandazi mabichi, yaweza kuongeza mrusho badala ya kuupunguza. Twasema hivi mapema kwa sababu wako wanaodhani kiti kizuri ni kile kinachozama. Dereva anayezama kitini huishia kukalia chuma kilicho chini, na fedha yake imekwisha kutoka.

Tulipofungua kiti kile cha Temeke tulipata somo la historia. Chini kabisa, chini ya sponji iliyokwisha kuwa unga, palikuwa na mabaki ya usumba. Vijana wetu wa leo hawajui kwamba zamani viti vingi vya magari vilijazwa usumba wa nazi uliopakwa utomvu wa mpira, au manyoya ya wanyama yaliyotengenezwa vivyo hivyo. Kitu hicho hicho watu wa pwani walikisokota kamba na kukijaza magodoro kabla gari halijafika huku. Sponji ya kisasa chanzo chake ni kazi ya mkemia Mjerumani Otto Bayer na wenzake mwaka 1937, na ilianza kuenea viwandani katika miaka ya 1950. Ilishinda usumba kwa wepesi na kwa urahisi wa kukata. Haikuushinda kwa kila jambo. Usumba hupitisha hewa, na mtu anayeendesha gari Dodoma saa nane mchana aijua thamani ya hewa mapajani.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana twaamini kabisa kwamba kazi hii yaweza kufanywa nyumbani, uani, chini ya mwembe, na mtu mwenye cherehani imara na subira. Malori ya zamani yana heri moja: yaliundwa na watu waliojua kwamba yatafunguliwa. Kiti hushikwa kwa boliti nne au sita, ubao wa mlango kwa skrubu na vibanio, na kifuniko cha kiti kwa pete ndogo za chuma zinazokatwa kwa koleo.

Kosa kubwa tunaloliona mitaani ni kuanza na kitambaa. Mtu hupata fedha kidogo, hukimbia dukani kununua ngozi ya plastiki yenye rangi ya kung'aa, akaivika juu ya uozo. Baada ya miezi mitatu springi iliyovunjika imetoboa sponji, sponji imepasuka, na ngozi mpya imechanika. Kazi hii huanzia chini. Kwanza ondoa waya wa betri, kwa kuwa taa ya dari na swichi zina nyaya zinazopita nyuma ya vitambaa, na nyaya za lori kuukuu aghalabu zimekwisha vuka plastiki yake. Kisha toa viti vyote nje, toa mazulia na mipira ya sakafuni, uitazame sakafu. Hapo ndipo ukweli wa lori ulipo. Katika lori lile la Temeke, chini ya mpira, mlikuwa na maji ya mvua ya masika yaliyopita, na bati la sakafu karibu na mguu wa kiti lilikuwa limeliwa na kutu hata bisibisi ikapenya. Kiti kilichoshikwa na bati la namna hiyo, siku ya ajali huondoka pamoja na mtu wake. Bati lile lilitaka fundi wa kuchomelea, nalo lilichomelewa kwanza, wakati ndani hamna sponji wala kitambaa, na pale ambapo kutu haikutoboa palipigwa brashi ya waya na msasa, pakapakwa rangi ya kuzuia kutu. Ndipo mkasi ukaruhusiwa kutoka mfukoni.

Fremu ya kiti nayo huangaliwa hivyo hivyo. Springi iliyokatika haifungwi kwa waya wa kufungia mzigo ikaachwa, bali hubadilishwa, hata kama ni kwa springi iliyotolewa katika kiti kingine kilichokufa. Juu ya springi hutandikwa gunia zito la katani, likashonwa kwenye fremu kwa shazia, ili chuma kisile sponji. Watu wengi huliruka gunia hili kwa kuliona duni. Bila gunia, sponji bora kuliko zote hukatwa na springi kama jibini kwa uzi.

Sponji yenyewe inunuliwe ngumu na nzito, si mabaki ya godoro. Ikatwe ikizidi kifuniko kwa sentimita moja hivi kila upande, ili kifuniko kikivutwa kikae bila makunyanzi. Na hapa twataka wasomaji wasikilize vizuri: unene wake ufuate unene wa kwanza. Tumeona dereva mmoja aliyejihurumia akaongeza sponji ya inchi mbili zaidi. Alipokaa, kichwa kikakaribia dari, usukani ukambana mapajani, na mguu wake ukawa unaikanyaga breki kwa ncha ya kidole. Raha ya dakika tano dukani iliwekwa mahali pa usalama wa safari nzima. Ilimbidi afumue yote.

Kifuniko cha zamani kisitupwe, hata kikinuka. Ndicho kiolezo. Hufumuliwa mshono kwa mshono, kila kipande kikaandikwa kwa chaki upande wake, mbele na nyuma, kulia na kushoto, kisha kikalazwa juu ya kitambaa kipya na kuchorwa. Asiyeandika vipande vyake atakuja kulia jioni akiwa na vipande kumi na viwili vinavyofanana. Nafasi ya mshono iwe sentimita moja au moja na nusu. Uzi uwe wa nailoni au poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba huoza kwa jasho. Na mshono wa ngozi ya plastiki uwe mrefu kidogo, milimita nne au tano, maana matundu ya sindano yakikaribiana mno ngozi hiyo hukatika penyewe kama stempu. Pembeni pitisha kigwe, si kwa urembo tu, bali kwa sababu kigwe hubeba msuguano wa suruali mtu anapopanda na kushuka.

Kuhusu kitambaa, sisi tuna maoni yetu, na asiyeyapenda ana ruhusa. Ngozi ya plastiki tupu haifai kwa kiti kizima katika joto letu. Jasho halina pa kwenda, na jua la kioo cha mbele huikausha mafuta yake ikapasuka. Tungependa katikati, mahali pa makalio na mgongo, pawekwe kitambaa kigumu kilichofumwa, chenye kupitisha hewa, na ngozi ya plastiki ibaki pembeni ambako hupanguswa vumbi na grisi. Weupe na krimu tuwaachie mabwana harusi. Kahawia au kijivu humtunzia heshima mtu anayebadilisha tairi njiani.

Siku ya kuvika, jua letu ni msaidizi wa bure. Kifuniko huanikwa nusu saa kikalainika, kisha huvutwa kuanzia katikati kwenda pembeni, pande zote kwa zamu, watu wawili wakishikiana. Utingo asiachwe nyuma katika kazi hii. Kiti chake yeye aghalabu ni kibaya kuliko cha dereva, na bado hatujasikia mtu akikiulizia.

Milango na dari tutapita haraka. Ubao uliofumuka hautengenezeki. Hukatwa mwingine kwa kufuata ule wa zamani, na nyuma yake hurudishwa karatasi ya nailoni inayozuia maji ya mvua yanayoteremka ndani ya mlango. Karatasi hiyo ndiyo iliyokosekana, ndiyo maana ubao ulikufa. Dari huanguka kwa sababu ya gundi isiyostahimili joto. Bati la juu likipigwa na jua la mchana, gundi ya kawaida hurudi kuwa uji.

Yako mambo manne ambayo hatuna mzaha nayo. Gundi hizi za kubandikia zina mvuke unaowaka na unaolevya. Zitumiwe nje, pasipo sigara, pasipo jiko la mkaa, na watoto wasiwe karibu. Sponji nayo huwaka upesi, na moshi wake una sumu yenye kuua. Marekani waliweka kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1972, kwamba kitu cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Dukani kwetu mteja haambiwi habari hizo, basi na ajaribu mwenyewe: akate kipande kidogo, akakiwashe nje, mbali na kazi yake na mbali na gundi, bila kuuvuta moshi wake. Kikikimbia kama karatasi, akiache kwa mwenye duka. Tena, katika magari ya zamani baadhi ya kinga za joto karibu na injini zilitengenezwa kwa asbesto. Ukiukuta utando wa kijivu wenye nyuzi chini ya kifuniko cha injini, usiukwangue wala usiupige msasa. Uache ulivyo mpaka upate ushauri. Na mkanda wa usalama haushonwi nyumbani hata kidogo. Ukichanika hubadilishwa mzima.

Twajua kwamba wako mafundi wa viti katika kila mji wetu ambao mkate wao ni kazi hii, na huenda mmoja wao akasoma maneno haya akaona tunamharibia. Hasha. Dereva aliyewahi kufumua kiti kwa mkono wake ndiye atakayejua kazi njema ya fundi na kuilipa. Asiyejua hudanganywa na fundi mbaya, na fundi mwema hupata hasara kwa kushindanishwa na mdanganyifu kwa bei. Tungefurahi mafundi hao wangekubali kushona vifuniko tu kwa cherehani zao nzito, na dereva akafanya mengine uani kwake. Huo ni ushirika wa kweli, wala hauhitaji mkutano.

Linabaki swali la nani alipe, na hapa ndipo tunapogombana na matajiri wengi wenye malori. Hoja yao twaijua: lori ni kuukuu, siku zake zimehesabika, mtu hatii fedha katika kitu kinachokufa. Lakini lori hilo hilo likipata kazi ya kubeba mbao, halisemwi ni kuukuu. Likipasuka tairi, tairi hununuliwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa bila tairi haliendi. Kwa mgongo mbovu lori huenda. Mgongo hubebwa na mwenyewe hadi hospitali, kwa nauli yake.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imempa mwajiri wajibu wa kutunza mahali pa kazi na vyombo vya kazi ili visimdhuru mfanyakazi. Mahali pa kazi pa dereva ni wapi, kama si kiti chake? Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kazi kwa wiki, na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada. Dereva anayetumia Jumapili zake kutengeneza chombo cha tajiri anafanya kazi ya tajiri. Kwamba kazi hiyo inafanyika uani kwake, mkewe akimletea chai, haiibadilishi ikawa mchezo. Twakubali kwamba aliye na lori lake mwenyewe hana wa kumdai ila nafsi yake, na kwake tunasema tu: uza zile nyuzi za kioo, ununue sponji.

Twawaambia vilevile madereva wenzetu neno lisilopendeza. Wengi wenu mmekaa kimya kwa kuogopa kuitwa walegevu. Mmefanya ubao kuwa ushujaa, na kijana anayeingia kazini leo hufundishwa kuvumilia kabla ya kufundishwa kudai. Mtu akikataa kupanda lori lisilo na breki humsifu kwa akili. Akikataa kukalia springi iliyochomoza humcheka. Tofauti ya mambo hayo mawili ni muda tu ambao madhara yake huchukua kufika.

Ndugu yule wa Temeke amekwisha maliza kazi yake, kwa Jumapili tatu, yeye na utingo wake. Viti vyote ni vya kahawia, dari imeshika, na sakafu haipitishi maji. Tajiri alitoa fedha ya sponji na kitambaa, akakataa ya gundi, uzi na kuchomelea, na kwa zile Jumapili hakutoa hata senti moja. Tumemshauri aandike hesabu yote katika karatasi moja: vifaa, bei, na saa za watu wawili, utingo akiwemo, kisha aipeleke kwa mkono wa chama chake cha wafanyakazi. Karatasi ilikwenda Jumatatu. Jibu halijaja, na lori limekwisha ondoka kwenda Songea na mzigo wa mbolea.